Jumamosi nne za wazazi na vichanga Madungu: masomo nayasifu, mfuko siununui tena

Kwa Jumamosi nne mfululizo nilimpakata binti yetu wa miezi mitano, nikapanda naye gari ya abiria kutoka Wawi hadi Madungu, Chake Chake, Pemba, kuhudhuria darasa dogo linaloendeshwa na mwalimu mstaafu wa skuli ya maandalizi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Darasa huanza saa tatu na kumalizika saa tano asubuhi, na kazi yake ni kuwafundisha wazazi wa watoto ambao hawajatimiza mwaka namna ya kutengeneza vitu vya kuchezea kwa kutumia vilivyomo nyumbani, kisha kuvitumia pamoja na mtoto. Ada ni shilingi 5,000 kwa siku. Somo la mwisho likimalizika, huuzwa mfuko wa vitu vilivyokwisha kutengenezwa kwa shilingi 25,000. Nililipia vyote viwili, na maoni yangu juu ya kimoja ni tofauti kabisa na maoni yangu juu ya kingine.

Somo la kwanza ndilo lililonivutia zaidi. Mwalimu alitandika jamvi, akatoa kisutu cha zamani kilichochakaa pindoni, akatuuliza kwa nini kanga hii nyeusi, nyekundu na nyeupe humfanya kichanga akodoe macho, ilhali kanga ya rangi zilizopauka haimshughulishi. Tukatazamana. Akaeleza kwamba mtoto anapozaliwa huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali baina ya ziwa na uso wa mama, na kwamba macho yake hunasa kwanza mpaka ulio wazi baina ya cheusi na cheupe kabla hayajaweza kuzipambanua rangi zinazokaribiana. Nimeishi na visutu tangu nizaliwe, nimeviona katika harusi zisizohesabika, na haikunipitikia kwamba vingeweza kuwa kitabu cha kwanza cha mtoto.

Kitabu chenyewe hakina ugumu. Kila mmoja alikata vipande sita vya mraba, upana wa shibiri moja, akavipanga viwili viwili uso kwa uso, akavishona pande tatu, akavigeuza na kuumaliza upande wa nne, kisha kurasa zote tatu zikaunganishwa kwa mshono mmoja mnene ubavuni. Baadhi ya akina mama walimaliza wakiwa bado wananyonyesha. Mimi nilitumia saa nzima, na bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake aliinama, akautazama mshono wangu, akauliza, "Mwanangu, unashona kitabu au gunia la karafuu?" Nikamjibu kuwa ndiyo kwanza najifunza, akauchukua, akanishonea ukurasa wa mwisho. Kitabu hicho kinafuliwa, kinakaushwa juani, na mpaka leo hakijaachia uzi; sifa hiyo, bila ya shaka, ni ya ule ukurasa wa bibi.

Kitabu hicho hicho kilitumika katika zoezi la kumlaza mtoto kifudifudi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto ambaye bado hajaweza kutambaa alazwe kifudifudi kwa jumla ya angalau nusu saa kwa siku, akiwa macho na akiangaliwa, na nusu saa hiyo inaweza kugawanywa vipande vipande. Binti yetu alikuwa halipendi jambo hili, akilia baada ya dakika moja. Mwalimu aliviringisha kanga ikawa kama mto mwembamba, akaiweka chini ya kifua chake, akakisimamisha kitabu mbele yake na kuniambia nilale juu ya jamvi nikitazamana naye. Alikaa dakika nne. Kwa jambo hilo pekee naihesabu ada ya siku ile kuwa imelipwa vizuri.

Somo la pili lilikuwa la kelele: chupa ya maji ya nusu lita iliyotiwa choroko, nyingine mchele, nyingine mchanga mkavu wa pwani, ili mtoto asikie tofauti ya sauti. Wazo ni zuri na watoto walifurahi, lakini hapa ndipo nilipoanza kuuona udhaifu wa darasa hili. Kizibo kilifungwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe, basi. Kizibo cha chupa ya maji kina upana wa takriban sentimita 3, na kitu cha ukubwa huo kinaweza kuziba koo la mtoto mdogo. Choroko nazo zikimwagika zinaweza kumpalia mtoto, au kumwingia puani na kuvimba humo kwa unyevu. Nyumbani nilikitia kizibo gundi, kisha nikaishonea chupa nzima mfuko wa kitambaa kigumu, ili hata kizibo kikilegea kibakie ndani. Hilo lilipaswa kuwa sehemu ya somo. Lilipaswa pia kufundishwa lile jaribio jepesi ambalo mzazi yeyote anaweza kulifanya kwa kibomba cha ndani cha karatasi ya chooni: kitu chochote kinachopita ndani ya kibomba hicho ni kidogo mno kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu.

Nadhani ninaufahamu mzizi wa upungufu huu. Walimu wa skuli za maandalizi hapa visiwani wana ujuzi wa miaka mingi wa kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa vifuu, vizibo, mbegu, makaratasi magumu na ukili. Mpango wa Madrasa wa elimu ya awali, uliofika Zanzibar mwaka 1990, umeijenga sana desturi hiyo. Mwalimu wetu ana mikono iliyozoea kazi, na hakuna kitu cha jikoni ambacho hakukipatia matumizi. Lakini mkono uliozoea watoto wa miaka minne na mitano huwapa vichanga mambo ya watoto wa miaka minne na mitano. Mtoto wa maandalizi akipewa kizibo atakihesabu, ila wa miezi sita atakitia mdomoni.

Penye vitu vikubwa, ujuzi huo huo ulikuwa neema. Somo la tatu lilihusu kawa, kile kifuniko cha chakula. Mwalimu aliligeuza kawa la ukili likawa bakuli, akalijaza vitu vya nyumbani: upawa, mwiko mfupi, kifumbu kilichokwisha kazi, kikombe cha bati, kipande cha taulo, na mpira wa ukili uliofumwa ukawa mkubwa kuliko ngumi ya mtu mzima. Mtoto anayeweza kukaa huwekwa mbele yake na kuachwa achague, mzazi akiwa kando bila ya kumshikisha wala kumwambia hiki ni nini. Alituonyesha kwamba mpira wa ukindu unafaa kuliko wa miyaa kwa sababu ukindu ni laini, na akasisitiza usitiwe rangi, kwani rangi za kupikia ukili hutoka zikikutana na mate. Upawa wake ulikuwa umesuguliwa kwa msasa mpaka kifuu kikang'ara, na pale kifuu kinaposhikana na mpini hapakuwa na kibanzi hata kimoja. Binti yetu, ambaye wakati huo alikaa kwa kuegemezwa mito, aliushika upawa kwa mikono miwili na kuutafuna kwa muda ambao sijawahi kumwona akishughulika na kitu chochote kingine. Kwetu tumeshamnunulia njuga ya plastiki yenye taa na muziki. Imelala kabatini.

Nyimbo za kubembeleza zilikuwapo kila wiki, na hazikuwa na jipya kwa yeyote aliyelelewa na bibi yake. Simu hazikuruhusiwa mbele ya watoto, jambo ninaloliunga mkono: mwongozo ule ule wa mwaka 2019 haupendekezi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja atazamishwe skrini hata kidogo.

Jumamosi ya nne ilikuwa ya kuchukua alama ya nyayo za mtoto juu ya kitambaa cheupe, ili mzazi aitundike ukutani, na rangi iliyotumika ilikuwa hina. Mwalimu alikataa piko, na alifanya vyema, kwa kuwa piko huwa na kemikali ya kutia weusi inayoweza kuiunguza ngozi hata ya mtu mzima. Hata hivyo, hina ya kawaida pia si salama kwa kila kichanga. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, upungufu unaopatikana kwa wingi katika sehemu zilizozoea malaria kama zetu, anaweza kuvunjikavunjika chembe nyekundu za damu kwa kupakwa hina, akapata manjano na kuishiwa damu ghafla. Sisi hatujampima binti yetu. Nikamwambia mwalimu, "Uniwie radhi, Bi Mkubwa, huyu wangu tumwache." Hakukasirika, alinipa penseli, nikauzungushia wayo wake mstari juu ya kitambaa, na mke wangu akaudarizi jioni ile kwa uzi mwekundu. Sioni kwa nini njia hii ya penseli na uzi isiwe ndiyo ya darasa zima.

Neno moja kuhusu akina baba. Tangazo linasema "wazazi", na nililichukua kama lilivyoandikwa, kwa sababu mke wangu hufanya kazi siku za Jumamosi. Nilikuta mimi ndiye mwanamme pekee. Walinipokea kwa heshima, wakanipa nafasi karibu na mlango, lakini chumba hakina pazia, na kila mama alipotaka kunyonyesha kwa utulivu nilitoka barazani na mtoto wangu begani, nikakosa sehemu ya somo. Siku ya pili ilinyesha, na baraza ile ni nyembamba. Pazia moja la kugawa chumba lingeyamaliza haya yote, na nilimweleza mwalimu hivyo. Alilipokea vizuri, ingawa hadi Jumamosi ya nne halikuwa limetundikwa.

Sasa mfuko. Ndani ya kikapu kizuri cha ukili mlikuwamo mwanasesere wa kitambaa aliyejazwa sufi, chupa ya choroko, kitabu cha kanga, kamba ya kutundika juu ya kitanda yenye samaki wa vitambaa, na kitambaa kilichofungiwa makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kwa ajili ya harufu. Macho ya mwanasesere yalikuwa vifungo vya shati, na kimoja kiling'oka siku ya tatu mkononi mwa mke wangu, namshukuru Mungu, si mkononi mwa mtoto. Mshono wa ubavuni ulikuwa wa uzi mmoja, na sufi ikaanza kuchungulia. Kamba ya samaki ina urefu unaoweza kumzunguka mtoto shingoni atakapoanza kujiinua na kuifikia. Makonyo yananukia Pemba yote, lakini mafuta ya karafuu ni makali kwa midomo na ngozi ya kichanga, na kitambaa kile hakikuwa na kazi nyingine ila kutafunwa. Tulibakisha kitabu na kikapu. Kitabu tulikwisha kushona chetu, kwa hiyo kwa shilingi 25,000 tulinunua kikapu, na kikapu kama kile sokoni hakifiki nusu ya bei hiyo.

Awamu nyingine itaanza baada ya Sikukuu. Atakayekwenda achukue kanga kuukuu, mkasi wake na sindano nene, afike mapema apate nafasi penye dirisha kwani feni ni moja, na alipe siku kwa siku. Somo la kawa lisimpite. Siku ya chupa aende na gundi na kitambaa chake, na siku ya hina achukue penseli. Mfuko akiletewa mwishoni, ashukuru na aurudishe.