Feni za Noctua za milimita 80 hadi 140: uzoefu wangu katika kompyuta za mezani Lamu

Nimezitumia feni za kampuni ya Noctua za saizi nne katika kompyuta za mezani hapa Lamu: NF-A8 PWM ya milimita 80, NF-A9 PWM ya 92, NF-A12x25 PWM ya 120 na NF-A14 PWM ya 140. Ni feni nzuri sana. Lakini feni nzuri iliyonunuliwa kwa saizi isiyo yake ni hasara tupu, na kwetu hasara hiyo ina nauli juu yake: mzigo wa Mombasa hupanda basi hadi Mokowe, ukavuka kwa boti, na ukikosea kipimo unarudi njia ileile kwa gharama yako. Ndiyo maana naanza na rula, sifa zitafuata.

Saizi ya feni ya kompyuta ni saizi ya fremu yake, ukingo hadi ukingo. Wengi hupima mapanga. Duara la mapanga ya feni ya 120 ni dogo kuliko fremu, kwa hiyo mtu hupata 110 na kitu, akaenda kutafuta dukani feni ambayo haipo. Kama feni ya zamani imeshatupwa na limebaki tundu tupu kwenye bati la kasha, pima matundu mawili ya skrubu yaliyo upande mmoja, katikati ya hili hadi katikati ya lile. Ukipata milimita 71.5, feni yako ni ya 80. Ukipata 82.5 ni ya 92, 105 ni ya 120, na 124.5 ni ya 140. Zile ndogo za 40 na 60 zina matundu yaliyoachana 32 na 50.

Usipime kona kwa kona. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi, na lina sababu yake: matundu ya feni ya 92 yakipimwa kona kwa kona hutoa karibu 117, na aliyepima husema "hii ni ya 120 basi, rula yangu imepotoka kidogo." Feni ya 120 ikifika, hakuna hata tundu moja linaloshika. Kompyuta nyingi zilizotumika maofisini zikaletwa kuuzwa huku zina feni ya 92 nyuma, kwa hiyo kosa hili hujirudia.

Kisha unene. Feni hizi nne zote ni milimita 25, na huo ndio unene wa kawaida. Makasha membamba yanayolazwa chini ya skrini mara nyingi yana nafasi ya milimita 15 tu, na humo hakuna hata moja kati ya hizi itakayoingia. Pima kina kutoka kwenye bati hadi kitu cha kwanza kilicho mbele yake, iwe memori, waya au hitisinki (chuma chenye mbavu kinachonyonya joto la prosesa), na ubakishe nafasi ya kupitisha kidole. Mapanga yakigusa waya mmoja tu, feni husimama, na injini iliyozuiwa hupata joto kwa kazi isiyofanya.

Sasa tuje kwenye kwa nini saizi ina maana kubwa kiasi hiki. Kampuni yenyewe huandika kiasi cha hewa ambacho kila feni husukuma ikiwa haina kizuizi mbele yake. NF-A8 husukuma futi za ujazo 32.7 kwa dakika ikizunguka mara 2200. NF-A9 ni 46.4 kwa mizunguko 2000, NF-A12x25 ni 60.1 kwa mizunguko 2000, na NF-A14 ni 82.5 kwa mizunguko 1500 tu. Zigawe kwa kila mizunguko elfu moja uone: 80 inakupa futi 15 hivi, 92 inakupa 23, 120 inakupa 30, na 140 inakupa 55. Yaani kupata hewa ileile, feni ya 80 lazima izunguke mara mbili ya ile ya 120. Na kelele haiongezeki kwa upole. Feni ileile ikiongezwa kasi mara mbili, kelele hupanda kwa desibeli 15 hivi, na umeme inaotumia huzidi karibu mara nane. Ule mlio mwembamba wa kompyuta ndogo zilizochoka ni feni ndogo inayokimbia ili ifanye kazi ya kubwa.

Kanuni yangu ni moja: weka feni kubwa kuliko zote ambazo matundu ya kasha yatakubali, kisha iendeshe polepole.

Watu hununua feni wakitarajia ipoze kama kiyoyozi. Feni haipozi hewa, huihamisha. Joto la ndani ya kasha haliwezi kushuka chini ya joto la chumba, na chumba chetu wakati wa kaskazi huwa na nyuzi 31 au zaidi mchana. Hesabu yake ni rahisi: chukua wati zinazotumiwa na kompyuta, zidisha kwa 1.76, gawa kwa futi za ujazo zinazopita kwa dakika, utapata nyuzi ambazo hewa inayotoka itazidi ile inayoingia. Kompyuta ya wati 150 ikipitisha futi 25 hutoa hewa iliyopanda nyuzi 10.6. Ikiwa chumba ni 31, hewa inatoka na karibu 42. Chujio likizibwa na vumbi na hewa ikapungua nusu, ongezeko ni nyuzi 21, na hewa inatoka na 52. Prosesa iliyo katikati ya hewa hiyo hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, na mwenye kompyuta husema mashine imezeeka.

Nimetumia futi 25 katika hesabu ingawa feni imeandikwa 60, kwa sababu namba ya kwenye boksi ni ya hewa huru. Ukiweka wavu, chujio na mbavu za bati mbele yake, hewa hupungua sana. Hapo ndipo unapotazama namba ya pili, msukumo, inayoandikwa kwa milimita za maji. NF-A12x25 ina 2.34 na NF-A14 ina 2.08. Kwa hiyo mahali penye chujio zito, au kwenye rejeta ya kupozea kwa maji, mimi huchukua ya 120 hata kama kasha linakubali ya 140. Mahali pa kutolea hewa nyuma, palipo wazi, 140 haina mpinzani.

Upande wa umeme ndiko feni mpya zinakoungulia. Soketi ya kawaida ina pini 3 au 4. Plagi ya pini 4 huingia kwenye soketi ya pini 3 na kinyume chake, kwa sababu ule ulimi wa plastiki unazipanga. Pini ya kwanza ni hasi, ya pili volti 12, ya tatu hupeleka habari za kasi, na ya nne ndiyo PWM, inayoamuru kasi. Ukichomeka feni ya pini 3 kwenye soketi ya pini 4 nayo ikazunguka kwa nguvu zote bila kushuka, feni haina kosa: ingia BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguliwa kompyuta inapowaka, ubadilishe soketi hiyo kutoka PWM hadi DC, ambapo kasi huamuliwa na volti.

Rangi za waya zisikudanganye. Katika feni nyingi za pini 3, mweusi ni hasi, mwekundu ni volti 12, na manjano ni wa kasi. Katika nyingi za pini 4, manjano ndiyo volti 12 na kijani ndiyo ya kasi. Anayeunganisha waya kwa kufuata rangi, manjano kwa manjano, anapeleka volti 12 mahali pa habari. Hesabu pini kutoka upande wa ulimi, usihesabu rangi. Noctua hutia ala nyeusi kwenye waya, kwa hiyo rangi hata hazisaidii, na naona ni afadhali.

Ukitaka kugawa soketi moja kwa feni mbili, soma ampea kwenye lebo. Soketi nyingi za ubao mama huvumilia ampea 1, na NF-A12x25 inakula 0.14, kwa hiyo mbili au tatu hazina tatizo. Feni kubwa za seva zenye ampea 1 au zaidi kila moja zinaweza kuunguza soketi.

Na kuna zile mashine za ofisi zenye soketi zao wenyewe. Baadhi ya Dell OptiPlex zina soketi ya pini 5, na feni ya kawaida haiingii bila adapta. Kompyuta za HP zisipoiona feni ya kasha wakati wa kuwaka huandika kosa namba 512, na isipoiona ya prosesa, 511. Tazama soketi kabla ya kuagiza, au piga picha yake umtumie muuzaji.

Chumvi nayo ina neno lake. Chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka pale unyevu unapopita asilimia 75, na usiku wa pwani hufika hapo kwa wepesi. Ikichanganyika na vumbi la chokaa linalopukutika kwenye kuta za nyumba za mawe, hufanya utando kama plasta kwenye mapanga na kwenye hitisinki. Pini za soketi zikishika kutu ya kijani, waya wa kasi husema uongo, na BIOS hulalamika kwamba feni imekufa ilhali inazunguka mbele ya macho yako. Kwa aliye karibu na bahari kabisa, au Shela ambako mchanga huingia kila mahali, baadhi ya feni za Noctua za jamii ya industrialPPC zina kiwango cha IP67 cha kuzuia vumbi na maji. Hizi nne nilizotaja hazina. Kwa hiyo usijaze feni kila tundu ukadhani umesaidia: kila futi ya hewa inaingia na chumvi yake. Kompyuta ya kazi za ofisi inatosheka na feni mbili, moja mbele yenye chujio ikiingiza, moja nyuma ikitoa, na ya mbele iwe na nguvu kidogo zaidi ili vumbi lisinyonywe kupitia nyufa.

Wakati wa kusafisha, shika mapanga kwa kidole kabla ya kupuliza. Upepo wa kompresa huizungusha feni kupita kasi yake na kuumiza beringi, tena kompresa ya wanaojaza matairi hutema maji. Brashi laini na isopropili (spiriti ya kusafishia) kwenye pini hutosha.

Hukumu yangu kwa kila saizi si sawa. Ya 92 ndiyo ninayoipendekeza zaidi huku, kwa kuwa inaokoa kompyuta nyingi za ofisi na tofauti yake husikika siku hiyohiyo. Ya 120 ni ya kila mahali. Ya 140 ni tamu kama kasha linaikubali. Ya 80 inunue tu kama tundu halikubali nyingine. Bei ni kubwa, hilo siwezi kulificha, ila kampuni inatoa dhamana ya miaka sita, na ndani ya boksi mna pini za mpira za kuzuia mtetemo pamoja na skrubu.

Ukifunga, hewa hutokea upande wenye nguzo zinazoshika injini. Shika kipande cha karatasi ya tishu karibu na wavu wa mbele: kikivutwa, umeweka sawa. Na unapomwandikia muuzaji wa Mombasa, mwandikie hivi: fremu 92, matundu 82.5, unene 25, pini 4, waya usiopungua sentimita 30. Akikujibu "iko ya 90", mwambie aipime matundu kwanza.