Vijidudu Wana Adabu Kuliko Mtaalamu Wao
Nina ploti Kisumu, karibu na Mto Kisat, ambayo kwa miaka mingi niliwakodishia mafundi wa magari. Walipohama waliniachia udongo mweusi wa kunata, ambao kila mvua iliponyesha ulitoa utando wa rangirangi ulioteremkia mtaroni kuelekea ziwani. Kuusomba kwa malori kulinishinda bei, kwa hiyo kampuni moja iliponiahidi kuusafishia papo hapo kwa bakteria wanaokula oili, nililipa bila kuuliza mengi.

Walikuja siku moja, wakanyunyiza unga uliokorogwa kwa maji, wakaondoka. Baada ya miezi miwili hivi, ploti ilikuwa bado inanuka dizeli. Mtaalamu wao, kijana wa rika la kitindamimba wangu, alikuja shingo upande, hakunisalimia, akachimbua mara moja kwa jembe, kisha akasema mbele ya vibarua wangu: "Mama, wadudu umewaua kwa njaa na kwa kuwanyima hewa. Hii ni kazi ya watu wanaosoma maagizo." Maagizo yapi, ilhali sikuachiwa hata kikaratasi? Pesa nitazitafuta nyingine. Maneno yale bado yananichoma.

Nilikusudia kuandika kwamba huduma hii ni utapeli mtupu. Mpwa wangu, mwalimu wa baiolojia, ndiye aliyeniharibia hasira: bakteria wa kula mafuta kwa kawaida wamo udongoni tayari, ila hupungukiwa na naitrojeni, fosforasi, unyevu na oksijeni. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fukwe zilitiliwa mbolea ili kuwashibisha bakteria waliokuwapo. Basi nikatia samadi ya kuku, nikawa napindua udongo kila wiki na kuunyunyizia maji kiangazi, na polepole harufu ikafifia hadi nyasi zikaota. Unga wao ulisaidia au haukusaidia? Labda kidogo. Yule kijana asiye na adabu alisema kweli, na hilo linaniudhi zaidi.

Hata hivyo, siwasamehei kwa kuniahidi kwamba ploti yote itasafika. Pale mafundi walipokuwa wakipasua betri pana risasi, nayo ni madini ambayo bakteria hawezi kuyala yakaisha, umpe samadi ya nchi nzima. Kona hiyo nimeizungushia mabati, na kila nikiwapigia simu kuiulizia, hakuna anayepokea.