Ngozi yako hapa Lamu: ukiwa na pesa kidogo nunua nini kwanza

Pita Usita wa Mui kutoka Langoni mpaka Mkomani uone rafu za madukani zilivyojaa losheni, krimu, seramu na sabuni za kila rangi. Huhitaji hata robo yake. Ngozi ya kila siku yataka kuoshwa, kupakwa mafuta na kukingwa na jua, basi, na mimi nazipanga hivi kwa kuangalia pesa yako itakufaa wapi zaidi.

Namba moja sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua. Najua watu husema sisi weusi hatuihitaji, lakini mwangalie mtu anaevuka Mokowe kwa boti kila siku, jua lampiga kutoka juu na maji yamrudishia jingine kutoka chini, alafu yale madoa ya mashavuni hayatoki miaka. Melanini, ile rangi asili ya ngozi, hukinga lakini haitoshi. Chukua SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 kwenda juu, hiyo 30 huzuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, na 50 ni kama 98, kwa hivyo usiumize mfuko kutafuta 100, muhimu lebo iseme inakinga UVA pia, miale mingine ya jua inayopenya ndani zaidi ya ngozi. Zile za zinki hutuacha weupe kama ukuta uliopigwa chokaa, so tafuta iliyotiwa rangi ya kahawia: rangi ile ni oksidi ya chuma na yazuia hata mwanga wa kawaida, ambao pia huzidisha madoa kwa ngozi nyeusi. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya krimu kwenye vidole viwili, na ukiwa nje rudia kila saa mbili, ukitoka kuogelea Shela rudia hapo hapo. Dada zangu wa buibui, nguo yakinga vizuri sana, nyinyi msisahau uso na viganja kwa nyuma. Na chupa iliyopangwa juani mbele ya duka iwache, joto huiharibu, nenda kemisti uangalie tarehe.

Namba mbili mafuta, na hapa bei kubwa si kitu. Vaseline ya kawaida isiyo na manukato yashinda makopo mengi ya ghali, ila yenyewe haileti maji, yafungia yaliyomo tu, kwa hivyo paka ukitoka kuoga ngozi bado ina unyevu. Mchana wa joto letu ni nzito, tumia losheni nyepesi yenye glisirini, Vaseline iwe ya usiku hasa kaskazi likikausha miguu. Mafuta ya nazi ya nyumbani nayapenda kwa mwili mzima, lakini mwenye chunusi asipake usoni manake yaziba vitundu.

Tatu sabuni. Ya mche ni ya kufulia nguo jamani, si ya uso, ni kali mno. Tafuta ya upole isiyonukia, uso mara mbili kwa siku yatosha, na ukitoka baharini jisuuze kwa maji matamu.

Liwa, ule mti wa kunukia wa kujipaka, je? Endelea nayo kama ngozi imeizowea, nunua kipande cha mti usugue mwenyewe juu ya jiwe kuliko unga usiojua umechanganywa na nini, lakini haichukui nafasi ya sanskrini. Seramu ya vitamini C naiweka mwisho kabisa, ni ghali na yaharibika haraka na joto.

Sasa kitu cha kutonunua hata ukipewa bure: mkorogo na krimu za kung'arisha. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni lakini bado zapatikana, na zebaki huharibu figo, tena yaweza kumfikia mtoto kwa taulo mnayotumia pamoja. Krimu isiyo na orodha ya vilivyomo irudishe. Nyingine zina klobetasoli au betamethasoni, hizo ni dawa za steroidi, wiki za mwanzo uso wapendeza alafu ngozi inakonda na mishipa yaonekana. Kama umeitumia muda mrefu usiache ghafla peke yako, uso waweza kuwaka na kuvimba, chukua kopo lenyewe uende nalo hospitali ya King Fahd daktari aone unatumia nini akupunguzie pole pole.