Kabati la Detolf kama nyumba ya hamsta

Detolf ni kabati la vioo la IKEA, kampuni ya samani, la kupangia mapambo. Sisi tumelilaza chali, tukatoa mlango na rafu, na sasa anaishi humo Karanga, hamsta wetu wa Syria (mnyama mdogo wa kufugwa, jamii ya panya). Likilazwa lina urefu wa sentimita 163 na upana wa 43. Vile vizimba vya rangirangi vya madukani hapa Leeds, Uingereza, havifui dafu.

Utamu wake ni kuchimba. Upande mmoja nimejaza maranda hadi sentimita 25, nikachanganya na nyasi kavu ili mahandaki yasibomoke. Mchana tunamwona kupitia kioo, amejikunja shimoni kando ya akiba yake ya mbegu za alizeti. Tajiri kweli! Upande wa pili maranda ni machache, maana gurudumu lake la sentimita 28 lisingeenea. Kimo chote ni 37 tu.

Juu ni wazi, hivyo mume wangu alitengeneza mfuniko wa mbao na wavu wa waya. Tena ni zito, kulihamisha ni kazi ya watu wawili. Mwenye nafasi na atafute kabati jingine lenye upana wa sentimita 50.