Muziki wa simu kwenye redio ya gari: ununue nini kwanza

Kabla hujatoa hela dukani, kaa kiti cha dereva, washa tochi ya simu na uimulike redio. Tafuta tundu dogo la duara lililoandikwa AUX. Usipoliona usoni mwa redio, fungua droo iliyo mbele ya abiria na kile kiboksi cha katikati ya viti. Nimeona watu wakihangaika miezi na miezi na modyuleta ya FM, kile kidude cha tundu la kiberiti kinachorusha nyimbo za simu hadi kwenye redio, kumbe tundu la AUX wanalo.

Kwangu namba moja ni waya wa AUX, ule wenye pini ya milimita 3.5 pande zote mbili. Bei yake ni kama lita moja au mbili za petroli, na hakuna kinachoushinda kwa sauti safi. Chukua wa mita moja, maana mrefu unajisokota kwenye gia. Simu yako ikiwa haina tundu la hedifoni, nunua kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa hapohapo kwenye AUX. Sauti ya simu ipandishe karibu na mwisho, kisha rekebisha kwa kitufe cha redio.

Kuna kero moja. Gari langu lilianza kutoa mlio mwembamba kwenye spika, ukipanda kila nikikanyaga mafuta. Nilidhani altaneta, ile inayochaji betri, inakufa. Nilipochomoa chaja ya simu kwenye tundu la kiberiti, kimya. Simu ikichajiwa humo huku imeungwa na AUX, kelele za umeme wa gari hupita kwenye waya hadi kwenye spika. Dawa yake ni kichujio kidogo cha kelele kinachokaa katikati ya waya wa AUX. Kabla ya kulipa, omba ukijaribu kichujio hicho huku injini inaunguruma.

Flashi naiweka ya pili, na kwa safari ndefu ningeiweka ya kwanza: haili bando, na simu ikiita muziki haukatiki. Nunua ya GB 16 au 32, iwe imefomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili), nyimbo ziwe MP3. Redio nyingi za zamani zikipewa flashi kubwa yenye mfumo mwingine hazisomi kitu. Hakikisha tu kwamba tundu la USB si la kuchaji pekee.

Redio yako ikiwa na Bluetooth yake, ijaribu kwanza. Zipo zinazopokea simu tu, muziki hazichezi. Na kama bado ina mdomo wa kaseti, ile kaseti yenye waya ni nafuu na inaishinda modyuleta.

Modyuleta ya FM ni ya mwisho kabisa, hasa kwa magari yetu yaliyotumika Japani. Redio nyingi za huko zinaanzia 76 na kuishia megahezi 90. Modyuleta inarusha kuanzia 87.5 hadi 108. Zinakutana kwenye kipande chembamba tu, na kwa Dar es Salaam kipande hicho kina wenyewe: Clouds FM iko 88.5, Radio One 89.5. Ukitoka Kimara kwenda Posta, wimbo wako unamezwa na mtangazaji. Kama gari limefungwa ekspanda, kile kidude kinachoshusha masafa ili redio ya Kijapani ishike stesheni za juu ya 90, namba ya kwenye modyuleta na ya kwenye redio hazitalingana, kwa hiyo utafute taratibu.

Kubadilisha redio nzima kunafaa pale ambapo iliyopo haina tundu lolote, au imejifunga na kuonyesha maandishi ya Kijapani baada ya betri kutolewa. Pima nafasi kwanza. Toyota nyingi za Japani zina upana wa milimita 200, wakati redio nyingi za madukani zina 178, ndiyo maana unaona mapengo pembeni. Tafuta ya 200, au fremu ya kuziba. Na mwambie fundi mapema, kabla hajashika koleo, kwamba hutaki waya ukatwe: anunue soketi inayolingana na ya gari lako, na redio ya zamani akurudishie ikiwa nzima.