Siku ya wageni kwenye gokati, Iringa: uzoefu wangu na ninachotaka waboreshe

Nianze na bei, maana kila aliyeona picha zangu ndilo swali la kwanza aliloniuliza. Dakika kumi kwenye gokati, kile kigari kidogo cha mbio cha mtu mmoja kisicho na paa, ni shilingi 15,000. Ndani ya hiyo pesa unapata kofia ngumu, ovaroli, glavu, mafuta, na mtu wa kukuelekeza kabla hujashika usukani. Ukinogewa ukataka kurudia siku hiyo hiyo, wanakushushia hadi 10,000. Watazamaji hawalipi kitu. Wanakaa nyuma ya ukuta wa matairi na watoto wao.

Kwa wengi wetu hiyo si hela ndogo. Ila ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mtu wa kawaida hapa Iringa analipa pesa ili akae yeye mwenyewe kwenye chombo cha mashindano. Mkoa huu unapenda mbio za magari kupita kiasi. Siku ya rali watu wanatoka alfajiri na baridi yake, wanajipanga kwenye kingo za barabara za vumbi, wanajua majina ya madereva na sauti ya kila gari likiwa bado liko mbali. Halafu gari la mwisho likipita wote tunarudi nyumbani, tunasubiri mwaka mwingine. Kuingia kwenye rali kunataka gari lililojengwa kwa kazi hiyo, msomaji wa ramani, mafundi, matairi ya akiba na fedha ambazo familia nyingi hazijawahi kuzishika. Hamu ipo tele, kiti ndicho kinachokosekana. Hawa vijana wametoa kiti, na ndiyo sababu nimeamua kuandika kwa urefu.

Wenyewe ni kikundi cha wapenda magari wa hapa mjini na wenzao wachache kutoka Mbeya. Wanakodi eneo la lami linaloegeshwa malori kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, wanalifagia, wanapanga matairi chakavu yaliyofungwa pamoja kuchora kona, kisha wanaalika watu ambao hawajawahi kuendesha. Gokati zina urefu mdogo sana kutoka ardhini, kwa hiyo barabara zetu za vumbi hazifai. Lami nyororo ni lazima, na kuipata ilikuwa nusu ya kazi yao.

Mapokezi yalinifurahisha. Kijana wa mlangoni ananisalimu "Kamwene, dada," ananiandika jina na umri, kisha ananielekeza pembeni kwenye mzani. Uzito hautangazwi mbele za watu. Wanauhitaji kwa sababu mtu mwepesi anakimbia zaidi kwenye injini ndogo, na kwenye mbio za mchana wepesi wanafungiwa vipande vizito vya madini ya risasi pembeni ya kiti ili wote walingane.

Sasa hili la mavazi nataka nilikalie kidogo, kwa sababu naamini ndilo linaloamua kama wanawake watakuja au watabaki kushangilia. Wengi tulifika na madera, vitenge na mitandio. Kwenye gokati, ekseli ya nyuma, yaani chuma kinachounganisha tairi mbili, inazunguka wazi, nyuma tu ya mgongo wako. Nywele ndefu, ncha ya mtandio au kamba ya koti ikinaswa pale, ni hatari ya kufa. Watu wamewahi kupoteza maisha hivyo katika nchi nyingine. Mahali pengine wangekutazama wakasema hufai, rudi siku nyingine umevaa suruali. Hapa kuna dada mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Ana hema la kubadilishia nguo, ana ovaroli za saizi nyingi, hata za sisi wenye nyonga, na ana vitambaa vya kichwa vinavyobana vinavyoficha nywele zote chini ya kofia. Aliyevaa hijabu alivaa hicho kitambaa, akafungiwa ovaroli hadi shingoni, akaingia kiwanjani amesitirika kabisa. Niliwaona wanawake waliokuja kuwasindikiza waume zao wakibadili mawazo wakiwa pale pale kwenye hema. Hakuna tangazo la redio lingefanya kazi hiyo.

Maelekezo yalichukua kama robo saa. Mguu wa kulia moto, yaani pedali ya mafuta, wa kushoto breki, na usikanyage vyote viwili kwa pamoja. Hakuna gia wala klachi ya mguu. Injini ikipanda mzunguko, klachi inajishika yenyewe. Bendera ya njano maana yake kuna hatari mbele, usimpite mtu. Ya bluu, mwenye kasi yuko nyuma yako, mpishe. Nyekundu, mbio zimesimamishwa. Ya miraba myeusi na myeupe, umemaliza.

Mama mmoja aliuliza swali ambalo nadhani kila mzazi analo: mkanda uko wapi? Aliyekuwa anafundisha hakumkatiza. Alimwita "mama," akachuchumaa, akamwonyesha. Gokati ya mashindano haina paa wala mabomba ya kukukinga ikipinduka, kwa hiyo kukufunga nayo kungekuwa hatari zaidi. Kinachokulinda ni kiti kinachokubana mbavuni na nyongani, bampa linalozunguka chombo chote ili tairi zisipandane, ukuta wa matairi, na kukaa chini kabisa karibu na lami. Kisha akamwonyesha skrubu wanayoifunga kwenye moto, ili awamu ya kwanza ya mgeni isifike kasi kubwa. Yule mama alimruhusu mwanawe, kijana wa kidato cha sita. Mtu aliyejibiwa hivyo anarudi na majirani.

Kwenye injini ndiko nilikojisikia niko nyumbani. Ni Honda GX200, silinda moja, cc 196. Kwa mjomba wangu kule Ilula injini ya aina hii ndiyo inayovuta maji ya kumwagilia nyanya. Wengi waliokuwepo waliitambua papo hapo, na wakaanza kuinama na kuuliza maswali kwa lugha ya mafundi. Ajabu ni kwamba mchezo wenyewe ulizaliwa hivyo. Gokati ya kwanza aliitengeneza Art Ingels huko California mwaka 1956, kwa injini iliyokusudiwa mashine ya kukatia nyasi. Hakuwa na kiwanda cha magari ya mbio. Alikuwa na mabomba ya chuma, injini ndogo na ufundi wa kuchomelea. Vitu hivyo vyote vipo gereji yoyote ya Iringa au Mbeya.

Fundi wao alifungua kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, akatufundisha jambo ambalo kila mwenye pampu nyanda za juu anapaswa kulijua. Honda wenyewe wanasema nguvu ya injini hizi inapungua takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Mji wa Iringa uko kwenye mita 1,500 na kidogo kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo tunapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu kabla hatujaanza. Mbeya ni zaidi. Na kama kabureta imepangwa kwa ajili ya Dar es Salaam, huku inamwaga mafuta mengi kuliko hewa inayopata. Utaona moshi mweusi na plagi iliyojaa masizi. Dawa ni kubadili jeti, kile kitundu cha shaba kinachopitisha mafuta, uweke kilicho chembamba zaidi. Ukishuka Dar unarudisha cha zamani. Alipomaliza, vijana waliomzunguka walikuwa wengi kuliko waliokuwa kwenye foleni ya kuendesha. Wengine hawakuwa hata na nia ya kukaa kwenye kiti, walitaka spana. Hao nao ni washiriki. Tuna chuo cha ufundi cha VETA hapa, na Mbeya wana chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Kikundi kikiwapa wanafunzi gokati moja waitunze na kuipanga wao msimu mzima, kitapata mafundi na madereva kwa mkupuo.

Kuendesha kwenyewe ni raha ambayo sikuitarajia. Unakaa chini kiasi kwamba lami inapita pembeni ya nyonga, na kila kokoto unalisikia mgongoni. Gokati haina difu, kile kifaa kinachoruhusu tairi mbili kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Tairi mbili za nyuma zinazunguka sawasawa kwa sababu zimeshikwa na ekseli moja, kwa hiyo kwenye kona, tairi ya nyuma ya upande wa ndani lazima inyanyuke kidogo, la sivyo chombo kinagoma kugeuka na kwenda moja kwa moja. Usukani umepangwa ili ukiukata, uzito uhame na tairi ile ipunguze kukanyaga. Mwalimu alisimama kwenye kona ngumu kuliko zote, akawa anaonyesha kwa mkono kila tunapopita: funga breki hapa ukiwa bado umenyooka, kata hapa, kanyaga moto hapa. Asubuhi ilikuwa ya baridi ya Juni, tairi zilikuwa bado hazijapata joto, na alitutaka mizunguko ya mwanzo twende polepole hadi zianze kushika. Baada ya hapo ukisikiliza mkono wake unahisi gokati inatoka kwenye kona ikiwa na nguvu, na unacheka peke yako ndani ya kofia.

Ukishuka unapewa kikaratasi chenye muda wako wa kila mzunguko. Wako peke yako. Nilianza na sekunde 48 na bora yangu ikawa 41. Hawakubandika ubaoni orodha ya nani wa kwanza na nani wa mwisho asubuhi ile, na kwangu huo ndio uamuzi bora waliofanya siku nzima. Niliondoka na kitu cha kupunguza, sekunde zangu mwenyewe. Jamaa wa makamo, dereva wa lori, alikikunja kikaratasi chake akakiweka kwenye pochi pamoja na leseni.

Mchana ndipo mambo yalipolegea, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu nawapenda. Kulikuwa na mbio fupi. Namba za gokati zilipigiwa kura ili asiwepo wa kuchagua chombo kizuri, jambo la haki kabisa. Lakini wageni waliwekwa kundi moja na wenyeji waliozoea. Kijana mmoja wa chuo, ambaye asubuhi alikuwa anang'aa kwa furaha, alipepewa bendera ya bluu karibu kila mzunguko. Akawa anapisha, anapisha tena. Alirudisha ovaroli akiwa ameikunja vizuri, akashukuru, akaondoka bila kuacha namba ya simu. Wala hakuna aliyemwomba. Huyo walimpata asubuhi wakampoteza mchana. Mgeni anahitaji mbio za wageni watupu, hata za mizunguko michache, na kabla hajatoka getini awe ameambiwa tarehe ya kurudi na jina la mtu atakayempokea.

Watoto pia. Baba mmoja alisafiri kutoka Mafinga na binti yake wa miaka 10. Miguu haikufika kwenye pedali, na wakamkatalia. Kumkatalia kulikuwa sahihi, ila tangazo halikuwa limesema lolote kuhusu umri wala kimo, na yule mtoto alilia hadharani. Lewis Hamilton alianza kushindana kwenye gokati akiwa na miaka 8, sasa ni bingwa wa dunia mara 7. Umri huo ndio hasa wa kuanza. Wakipata hata gokati mbili ndogo zenye injini dhaifu, wazazi wataleta watoto, na mzazi aliyeleta mtoto kila mwezi mwishowe huomba kofia naye.

Matangazo yenyewe yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu ambao tayari wanahusika. Mimi nilijua kwa bahati, kupitia mteja wa spea. Wayapeleke vyuoni, kwenye vijiwe vya bodaboda, makanisani na misikitini baada ya ibada, stendi. Na wapange watu kwa saa. Kuandikishwa saa tatu asubuhi na kukaa kwenye kiti karibu saa saba mchana kunamchosha mtu aliyeacha duka.

Kuna njia moja ya kuingia ambayo haina gharama kabisa, na wanaitaja kwa sauti ndogo mno: wanahitaji wapeperusha bendera, wapima muda na wa kusukuma gokati zilizozima. Ukifanya kazi hiyo nusu siku, jioni unapewa dakika zako bila kulipa. Kwa mwanafunzi asiye na 15,000 huo ni mlango mpana. Uandikwe kwa herufi kubwa juu ya tangazo. Mimi nimeshajiandikisha kwa bendera ya njano kwenye kona ile ngumu.

Kwa anayetaka kwenda: vaa viatu vilivyofunikwa vyenye soli nyembamba, maana raba nene hazisikii pedali. Beba sweta. Nywele zisukwe au zifungwe mapema. Kama unatoka Mbeya, lala Iringa usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa sababu basi la asubuhi litakufikisha foleni imeshajaa. Mvua zikianza, Novemba hivi, wanasimama hadi Aprili ipite, kwa hiyo usiahirishe sana. Na ukiondoka, waachie namba yako ya simu hata kama hawajaiomba.