Fundi wa intaneti wa kuja nyumbani, Kariakoo

Duka hili dogo la kompyuta hutuma fundi hadi nyumbani, na fundi aliyekuja kwetu, kompyuta yetu ilipokuwa haifungui tovuti, anaijua kazi yake. Kwa kuwa simu zetu zilipata intaneti vizuri kupitia ruta ileile, hakuigusa ruta wala kutushauri tununue nyingine, bali alifungua kidirisha cheusi cha amri kwenye kompyuta, akaandika ping 8.8.8.8 (amri ya kupima kama kompyuta inaifikia anwani hiyo ya namba kwenye intaneti), na majibu yakarudi bila shida huku tovuti zikigoma kufunguka kwa majina yake. Hapo alijua kwamba kasoro ni ya DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba: anwani ya zamani ya seva ya DNS ilikuwa imewekwa kwa mkono, akairudisha ijipange yenyewe. Kinachoniudhi ni kwamba gharama ya usafiri hutajwa kazi ikishakwisha.